Talaka ya Jumamosi

Miezi mitano ilikuwa imepita Makame hajalitaja jina la mkewe. Siku alipolitaja alilitaja lote, pamoja na la mkwewe aliyekwisha kufa, mbele ya mashahidi wawili waliokuwa na vikombe vya chai mikononi.

"Shufaa binti Sudi," alisema, amesimama wima barazani, amefunga vifungo vyote vya koti lake, "nimekuacha. Talaka tatu."

Kikombe cha Maalim Obeid kilibaki hewani. Maalim alikuwa imamu wa msikiti wa pale mtaani, Mlandege, na alikuja kumjulia hali mgonjwa wa presha, maana ndivyo mtaa mzima ulivyoambiwa. Kando yake alikaa Shamsudin, mdogo wake Makame, mwenye nyumba ile, ingawa yeye na familia yake waliishi mtaa wa pili. Shamsudin aliweka andazi sahanini, akajifuta vidole, akasema, "Lahaula! Kaka, umesema nini?" Makame aligeuka akaingia ndani kwa hatua za mtu aliyemaliza kazi yake.

Shufaa alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Ukimwuliza leo alihisi nini saa ile atakwambia uchungu, na hatakuwa amekudanganya. Lakini kabla ya uchungu kuna kitu kilimpita kifuani upesi, kama panya anavyokatiza jikoni, na kitu hicho kilikuwa furaha. Jina lake! Alikuwa hajalisikia kinywani mwa mtu huyu tangu Juni. Mwanamume aliyelala naye miaka kumi na minane alikuwa akimwita "wewe", akimwita "mama", akimwita "dada wa humu ndani", na leo kalitoa jina lake zima bila kupunguza kitu. Ndipo akalisikia neno lililofuata, na chupa ikamponyoka.

"Bi Shufaa, umesikia?" Maalim aliuliza.

"Nimesikia, Maalim."

"Jambo hili ni zito, siwezi kulikata hapa na andazi mdomoni. Jumanne baada ya alasiri tutakaa kwangu tulitazame. Mpaka siku hiyo, kwa tahadhari, kaa naye mbali. Usilale naye chumba kimoja. Usimguse."

Shufaa alitaka kuuliza, na nani atamwogesha? Nani atamvalisha, nani atampeleka msalani, nani atamkumbusha kumeza tonge ambalo liko mdomoni tayari? Hakuuliza. Mgonjwa wa presha haogeshwi.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa lake, nami simfichi hata kama nampenda. Walipokuwa wakikaa Uyole, kule Mbeya, Makame alikuwa na duka la spea za malori ambalo madereva wa njia ya Tunduma walilijua kuliko nyumba za shemeji zao. Alikuwa akishika beringi gizani anakwambia ni ya gari gani. Baadaye akaanza kutoa hiki palipotakiwa kile, akijicheka mwenyewe, "Uzee huu!", na wala hakuwa mzee, alikuwa na miaka hamsini na minne. Siku alipopotea kati ya duka lake na nyumba yake, njia aliyoipita miaka kumi na mitano, Shufaa alimpeleka hospitali. Walimpiga picha ya kichwa. Daktari alimkalisha Shufaa peke yake, akamwambia kwamba ugonjwa ule unaitwa Alzaima, kwamba ubongo unasinyaa kidogo kidogo, na kwamba dawa ya kuurudisha hakuna. Akayaandika hayo kwenye karatasi. Shufaa aliikunja karatasi mara nne, akaizika chini ya sanduku la nguo, akauza duka kimyakimya, akahamishia familia Iringa kwa shemeji yake, akatangaza presha.

Na presha hiyo aliilea. Mgeni akibisha hodi, yeye alikuwa ameshawahi sikioni mwa mumewe: "Anayekuja ana kofia ya kijani. Ni Maalim Obeid. Muulize mguu wake." Makame anatoka, anauliza habari za mguu, Maalim anafurahi, anarudi msikitini akiwaambia watu kwamba Bwana Makame ana kumbukumbu kuwashinda vijana. Karibu miaka miwili mwanamke huyu alizifuma akili za mumewe kwa mikono yake, tundu likitokea hapa analiziba, likitokea pale analiziba, hata mdogo mtu akaamini. Sasa angemwendea nani amwambie kwamba ndani hamna kitu?

Kufuma ndiko kulikowalisha pia. Alikuwa na mashine ya kufumia masweta ya shule, na Novemba hii alikuwa na oda za shule mbili, za kijani na za bluu, zitakiwazo Januari. Alifuma jicho moja likiwa kwenye nyuzi na jingine langoni, kwa kuwa mwezi Septemba Makame alikutwa Ipogolo, chini kabisa kwenye barabara kuu, akiyapungia mkono malori ya Mbeya ili awahi kufungua duka Uyole. Tangu hapo lango lilikuwa na kufuli na ufunguo ulining'inia shingoni mwa Shufaa. Jumamosi ile wageni walimkuta Makame akilitikisa lango kwa mikono miwili. Ndiyo maana wote wawili waliondoka wakiamini kwamba talaka ile ilikuwa ni hasira za kufungiwa.

Jioni hiyo hiyo Shufaa alibeba mashine yake na magodoro mawili, akahamia kwa jirani yake Bertha, mjane wa Kihehe, yeye na binti zake: Naima wa miaka kumi na saba, aliyekuwa katikati ya mitihani ya kidato cha nne, na Mwanakhamisi wa miaka saba. Shamsudin alihamia kwa kaka yake. Kati ya nyumba hizo mbili palikuwa na ua wa miti tu, ukikohoa huku unasikika kule.

"Kamwene, Mama Naima," Bertha alimpokea kwa salamu ya Kihehe. Katika mtaa mzima ni yeye peke yake aliyeijua kweli, kwa sababu mara tatu alikuwa amesaidia kumwinua Makame sakafuni. "Ama nyinyi mna mambo! Sisi Walutheri mchungaji akishakufunga umefungwa mpaka kaburini. Mwenzangu unafunguliwa kwa neno moja, tena na chai mezani!"

Alicheka peke yake, akauona uso wa mwenzake, akaacha kucheka, akampokea godoro.

Usiku ule Shufaa alilala. Nasema alilala, maana kwa muda mrefu alikuwa akijinyoosha tu, sikio moja likisubiri mlango ulie. Alipoamka jua lilikuwa limeshajaa uani na Mwanakhamisi anakula kiporo cha viazi.

"Nimelala, Bertha," alisema, kama anayekiri wizi.

"Si ndiyo kazi ya kitanda?"

"Nimelala nikafurahi. Hata sikumwota."

"Basi furahi, mama. Nani kakuandikia adhabu?"

Alifurahi kweli, na aibu ikamjaa kwa sababu ya kufurahi. Alikaa kwenye mashine akafuma migongo mitano ya masweta bila kuinuka, jambo ambalo hakulifanya mwaka mzima. Mchana akampigia simu Bi Yudith, mwanamke wa Uyole mwenye karakana ya mashine nane, ambaye mara tatu alimwomba aende akawasimamie mafundi wake na mara tatu Shufaa alimkatalia. "Ile nafasi bado ipo?" "Ipo, mdogo wangu. Hata kesho njoo." Akakata simu akakaa nayo mapajani. Alikiona chumba kabisa: kitanda kimoja chake, kimoja cha watoto, na shuka linalokaa wiki nzima kitandani bila kuloweshwa. Ndicho alichokitamani, shuka kavu. Nani amcheke?

Upande wa pili wa ua Shamsudin alikuwa akifundishwa. Asubuhi ile ya Jumapili sauti zilivuka zote.

"Kaka, vua shati uoge."

"Wewe nani unanivua? Mwizi! Jamani, mwizi!"

"Mimi Shamsu, kaka. Shamsu!"

"Shamsu mtoto mdogo, yuko madrasa. Mwizi! Mwiteni yule mama!"

"Mama yupi?"

"Si yule! Yule anayejua maji."

Ndoo ikaanguka. Kitambo kidogo Shamsudin alitokeza kwenye ua, kanzu imelowa mpaka kifuani, mkwaruzo shingoni. Alikuwa mtu mnene, mpenda utani, na Shufaa alikuwa hajapata kumwona bila mzaha mdomoni.

"Shemeji. Hii ni presha gani?"

Akamwambia. Alimwambia yote, toka beringi za Uyole mpaka karatasi ya sandukuni, na Shamsudin aliketi juu ya kreti tupu la soda akalia waziwazi kama wanawake wanavyolia msibani.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilitaka mumwite Makame. Ningewaambia mngemwita mgonjwa."

Alipomaliza kulia alisema maneno ya busara, na mimi siwezi kumlaumu. Alisema, "Shemeji, una miaka arobaini na tatu. Maalim atakuuliza wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukikaa naye. Ukisema alikuwa na akili zake, uko huru. Watoto utakwenda nao, wallahi sitakudai hata mmoja. Ukisema hakuwa nazo, unarudi humu."

"Na yeye nikienda?"

Shamsudin alizitazama kandambili zake. "Kule shambani kuna chumba. Kizuri, kina dirisha. Kina komeo kwa nje." Akaongeza upesi, "Nitamwekea mtu wa kumpelekea chakula."

Shufaa, aliyekuwa na ufunguo wa lango shingoni, hakuwa na mdomo wa kumsuta.

Jumatatu Naima alirudi kutoka kwenye mtihani wa baiolojia, akavua viatu, akaketi mkabala na mashine. Alikuwa binti wa maneno machache, na siku hizi yalikuwa yamezidi kupungua.

"Mama, kesho utasema nini?"

"Kweli."

"Utasema Baba hana akili?"

Shufaa alisimamisha mashine. "Kwa nini unauliza?"

Hapo Naima akaeleza, akikwangua wino kidoleni. Jumapili ile kabla ya mitihani kuanza alikuwa amepiga magoti mbele ya baba yake kuomba radhi. Alikuwa na lake moyoni: mwezi wa nane alimpigia baba yake kelele mbele ya rafiki zake, akamwambia anawatia aibu, na tangu hapo hakupata usingizi mwema. Baba alimwekea mkono kichwani. Alisema, "Radhi zangu zote ziko juu yako, mwanangu, za dunia na za akhera." Na katika chumba cha mtihani, kila alipokwama, alikuwa akiukumbuka ule mkono.

"Sasa kama neno lake halihesabiwi, Mama," Naima alisema, "basi na radhi yangu haihesabiwi. Utaondoa talaka yako, na radhi yangu itakwenda nayo. Nitakuwa nimemtukana baba yangu na hakunisamehe."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Nimefikiri mwenyewe."

Shufaa alimtazama mtoto aliyemzaa, akaona kwamba amekua, na kwamba katika kukua kwake hakuna aliyemsaidia. Alimvuta, akamlaza kichwa pajani juu ya mabaki ya uzi wa bluu. Hakumpa jibu, kwa sababu alikuwa na mambo mawili ambayo hakuna mwingine aliyeyajua, na yote mawili yalikuwa kinyume na vile watu walivyodhani.

La kwanza ni la radhi. Jumapili ile, Naima alipotoka chumbani akifuta machozi, Makame alimgeukia Shufaa akamwuliza kwa adabu, "Yule binti ni wa nani? Kaniomba radhi, nikaona nisimvunje moyo mtoto wa watu."

La pili ni la talaka. Jumamosi, wageni walipokwisha kuketi barazani, Shufaa alimshika Makame mkono akamwingiza ukumbini ili amfundishe majina kama kawaida. "Waliokuja ni Maalim na Shamsudin," alianza. "Maalim muulize mgu..."

"Najua mguu," Makame alimkata. Kisha akasema, "Mke wangu."

Alimtazama. Macho yake yalikuwepo. Ukiishi na mgonjwa wa namna hii unajua macho yanapokuwepo na yanapokuwa yamekwenda. Wala jambo hilo halihitaji daktari.

"Nisikilize, sina muda," Makame alisema, sauti ya chini, ile ile aliyokuwa akisemea na madereva aliowaheshimu. "Ninakwisha. Mara niko, mara siko, na nikiwa siko sijui ninakutenda nini. Nimekuona jana ukimeza chakula umesimama. Umekonda."

"Usiseme hivyo, Baba Naima."

"Gari likifa injini, abiria hawakai ndani wakalia na dereva. Wanashuka, wanatafuta lingine. Wewe shuka, mke wangu. Bado mapema kwako."

Alifunga vifungo vya koti lake, kimoja baada ya kimoja, bila kukosea hata kimoja, akatoka barazani. Shufaa alidhani anakwenda kusalimia. Saa moja baadaye, baada ya wageni kuondoka, alimkuta kajikunyata kitandani na koti lake. Makame alimwona machozi, akashtuka kwa huruma ya ugeni: "Mama, nani kakuliza?"

Kwa hiyo Makame hakumwacha kwa hasira, na hakumwacha kwa wazimu. Alimwacha kwa kumhurumia, kwa akili timamu zilizomjia kwa muda mfupi, na muda huo akautumia kwa jambo hilo moja. Alijua sheria, ndiyo maana akamtaja na baba yake, ndiyo maana akangojea mashahidi. Shufaa alilijua hilo tangu chupa ilipoanguka. Siku tatu alikuwa akilizunguka tu.

Jumanne baada ya alasiri walikaa sebuleni kwa Maalim. Mvua za kwanza zilikuwa zikipiga bati, ikabidi wote wainue sauti kidogo. Makame alibaki na Bertha. Shufaa aliketi mkekani, Naima nyuma yake, Shamsudin kando ya mlango na plasta shingoni. Shufaa alitoa karatasi ya daktari, akaikunjua mara nne. Maalim aliisoma, akavua miwani, akaipangusa, akaisoma tena.

"Miaka miwili, Bi Shufaa?"

"Inakaribia, Maalim."

"Na mguu wangu? Kila Ijumaa ananiuliza mguu wangu."

"Nilikuwa namfundisha mimi. Unisamehe."

Mzee wa watu aliutazama mguu wake, na ilionekana wazi kwamba ameumia. Labda hakukuwa na mwingine aliyekuwa akimwuliza. Lakini alikuwa mtu wa haki, akaukunjia ndani ya kanzu na kurudi kwenye shauri.

"Karatasi inaniambia anaumwa. Hainiambii Jumamosi saa saba mchana alikuwaje. Wapo wagonjwa ambao akili zinawatoka na kuwarudia. Ikiwa zilikuwa zimemrudia, neno lake ni neno, nawe si mkewe tena. Huna ruhusa ya kumgusa wala kumwona alivyo. Ikiwa zilikuwa zimemtoka, alichosema ni upepo. Mimi nilimwona kwa mbali. Wewe ulikuwa karibu. Alikuwa nazo?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja, na lilikuwa jepesi. Akilisema, keshokutwa yuko Uyole. Akilisema, Naima anabaki na radhi zake. Na akilisema, Makame anapelekwa kwenye chumba chenye komeo kwa nje, na kuanzia leo hakuna mtu chini ya jua mwenye haki ya kumvua shati na kumwogesha ambaye pia anajua namna ya kumwogesha. Shufaa alishangaa kujikuta amemkasirikia mumewe, akakasirika kama wake za watu wanavyokasirika, mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze. Kaamua peke yake! Ndivyo alivyokuwa siku zote. Hata duka la Uyole alilinunua kwanza, akamwambia baadaye. Kamwambia ashuke, na hakumwuliza kama anataka kushuka. Hasira ile ilimpa nguvu kuliko dua zote alizosoma siku tatu.

"Hakuwa nazo," alisema.

"Hata alipokutaja kwa jina, wewe na baba yako?"

"Hata hapo, Maalim. Hakujua anasema nini."

"Na huwa zinamrudia?"

Nyuma yake Naima alikuwa ameacha kupumua. Shufaa aliisikia pumzi ile isiyotoka.

"Mara moja moja. Jumapili ile alipompa binti yake radhi zilikuwepo zote. Nilikuwepo, nikamwona. Alimjua, na alijua anachosema."

"Utaapa juu ya hayo, mwanangu? Yote mawili?"

Mvua iliongezeka. Maalim akasubiri ipungue, na haikupungua.

"Wallahi," Shufaa alisema.

Naima aliangua kilio, akaziba uso kwa mtandio. Maalim alisema talaka haikupita, akasoma dua fupi, akamwambia Shufaa arudi kwa mumewe na Mungu atamlipa. Shamsudin alisema "Alhamdulillahi" kwa sauti ya mtu aliyetuliwa gunia. Njiani aliahidi mengi: atakuja kila siku baada ya magharibi, atamtoa kaka yake matembezini, atanunua godoro la plastiki. Shufaa alikuwa akiitikia tu. Alikuwa ameapa uongo kwa jina la Mungu, mara mbili kwa neno moja, na hakujidanganya kwamba mvua ilimzuia Mungu kusikia. Aliogopa. Aliamua kufunga siku tatu za kafara ya kiapo, ingawa hakuwa na hakika kama siku tatu zingetosha, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Asubuhi ya Jumatano alichemsha maji, akayachanganya ndooni, akajaribu kwa kiwiko. Jana yake jioni alikuwa amehamishia godoro lake chumbani kwa watoto, akasema Mwanakhamisi anakohoa. Makame aliketi kwenye kigoda bafuni, amevuliwa shati bila ugomvi wowote. Shufaa alichukua kitambaa cheupe, akajizungushia mkono wa kulia, vidole vyote, mpaka kwenye kifundo, akakifunga kwa meno. Kisha akachota maji.

Mwanakhamisi alikuwa mlangoni na mswaki mdomoni. "Mama, mbona umejifunga mkono?"

"Mikono yangu ina baridi."

"Si maji ya moto hayo?"

"Nenda kavae viatu, utachelewa shule."

Mtoto akaenda. Shufaa aliupitisha mkono ule mgongoni mwa Makame, taratibu, toka begani mpaka kiunoni, na ngozi yake hakuigusa. Makame alitulia. Alikuwa ameziba uchi wake kwa viganja viwili, ameinamisha kichwa kwa haya, haya ya mwanamume mwema anayeogeshwa na mke wa mwenzake. Baada ya muda aliinua macho, akamchungulia usoni kwa wasiwasi.

"Hawatakusema, mama?" alimwuliza. "Una mume wewe?"

Shufaa alikamua kitambaa mkononi mpaka tone la mwisho. Nje Naima alikuwa akimwita mdogo wake, na Bertha akimjibu kutoka ng'ambo ya ua.

"Ninaye," alisema. "Inua mkono."